Nguo Isiyo na Alama

Katika nyumba ya dobi, asubuhi ilianza kwa sauti ya maji. Bomba la uani lilifunguliwa, beseni la kwanza likajaa, na povu la sabuni likapanda mpaka viwikoni. Dobi mwenyewe alifikicha kola na makwapa. Binti yake mkubwa, ambaye nyumba nzima ilimwita Dada, alisuuza kabla ya kwenda shule. Binti mdogo alipokea nguo zilizokamuliwa, akazikung'uta na kuzianika. Huyu mdogo aliitwa Kibanio. Alipewa jina hilo kwa sababu alipenda kutembea na vibanio vya nguo vimening'inia kwenye ukingo wa gauni lake, na pia kwa sababu akishika jambo haachii.

Bibi alikaa mlangoni kwenye kigoda, akirudishia vifungo vilivyong'oka. Bibi hakuwa mama wa dobi, alikuwa mama mkwe wake. Alikuja kumuuguza binti yake. Binti yake alipofariki, hakuondoka. Hakuna aliyemwuliza ataondoka lini, wala hakuna aliyetaka aondoke.

Mwaka ulikuwa umepita tangu mama wa nyumba hiyo azikwe. Pengo lake lilionekana mahali pengi. Lilionekana kwenye meza ya pasi, maana yeye ndiye aliyejua kunyoosha marinda ya sketi za shule. Lakini lilionekana zaidi jioni, baada ya chakula, wakati wa sala.

Mama huyo aliongoza sala ya familia kama mtu anayemimina chai, haraka na bila kumwaga. Alisema jambo moja, akaimba ubeti mmoja, akaomba, basi. Kazi ya dobi ilikuwa kusema amina, na aliisema vizuri sana.

Alipokuwa mgonjwa, siku moja alimshika mumewe mkono.

"Baba watoto, hawa wasiache kuomba. Hilo nakuachia wewe."

"Mimi? Mimi sijui hata pa kuanzia."

"Utajifunza," alisema, akatabasamu kidogo.

Basi dobi akaanza. Aliona njia ya salama ni kusoma tu. Alifungua Biblia ukurasa wa kwanza, akakata shauri kwenda nayo hivyo hivyo mpaka mwisho, kama mtu anayefua rundo la nguo kuanzia juu. Walipofika kwenye orodha za vizazi, hakuruka hata jina moja. Huyu alimzaa yule, na yule akamzaa yule mwingine. Dada alijitazama kucha. Bibi alisinzia. Ghafla Bibi alishtuka, akasema kwa sauti kubwa, "Amina!"

"Bibi, bado," Dada alimnong'oneza.

"Bado? Bado wanazaana?"

"Bado wanazaana, Bibi."

Dobi alijifanya hakusikia. Alifunga kitabu, akasema, "Haya, sasa kila mtu aombe." Dada aliomba mbio mbio kama anayekimbilia kengele ya shule. Bibi aliomba taratibu. Zamu ya Kibanio ilipofika, aliitazama taa.

"Kibanio?"

"Nipite, Baba."

"Nikupite vipi?"

"Nipite tu. Wengine waombe."

Ilikuwa hivyo kila jioni. Tangu siku ya mazishi, Kibanio hakuwa ameomba hata neno moja. Zamani aliomba mpaka mama yake akamvuta sikio kwa mapenzi ili anyamaze. Aliombea kuku wa jirani. Aliombea sabuni isiishe. Sasa alitazama taa tu, mdomo umefungwa.

Dobi aliumia moyoni. Alidhani anajua sababu. Wakati wa ugonjwa, wote walikuwa wamemwomba Mungu amponye mama. Hakupona. Mtoto amemkasirikia Mungu, dobi alijiambia, na mimi ndiye niliyeachiwa kazi hii. Lakini hakumwuliza. Aliogopa jibu.

*

Mtaa wa pili palikuwa na duka la vifungo, zipu, riboni na nyuzi za kila rangi. Duka lilikuwa jembamba kiasi kwamba mteja mnene aliingia kwa ubavu. Mwenye duka aliitwa Mama Vifungo. Siku za kazi aliuza vifungo, na siku ya Jumapili alifundisha watoto kanisani. Dobi alikwenda kwake kununua vifungo vya mashati.

"Shikamoo, Mama Vifungo."

"Marahaba, jirani. Mbona sura yako leo kama shati lililokamuliwa bila kukung'utwa?"

Dobi alicheka bila kupenda. Kisha akamweleza yote: kusoma, Bibi kusinzia, na Kibanio kusema nipite.

"Sasa mmefika wapi katika kusoma?" Mama Vifungo aliuliza.

"Tumefika kwenye hema. Vipimo vya hema. Mbao, pete na mapazia."

"Na mtoto wa darasa la pili anafanya nini?"

"Anatazama taa."

"Hata mimi ningeitazama." Mama Vifungo alisukuma pembeni kopo la zipu, akaegemea meza. "Sikiliza, jirani. Maneno hayo ni matakatifu, sina ugomvi nayo. Lakini fikiria Yesu alivyofundisha. Alishika kilichokuwa karibu. Chumvi. Taa. Chachu kwenye unga. Mama anayefagia nyumba akitafuta sarafu yake. Hata kiraka! Alisema mtu hashoni kiraka kipya kwenye nguo kuukuu. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza, niliona kama amewahi kupita dukani kwangu."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Kutwa nzima unashika maji, moto na nguo za watu. Mungu yumo humo humo. Chagua jambo moja dogo la siku hiyo. Liseme. Kisha soma mistari michache inayolihusu, ombeni, mkalale."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Na vifungo vyako hivi hapa."

Dobi alirudi nyumbani akipiga mluzi. Watu wa mtaani walimshangaa, maana hawakuwa wameusikia mluzi wake siku nyingi.

*

Tatizo ni kwamba dobi hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Kesho yake tu, kila kitu kiligeuka funzo.

Dada alichelewa kuamka. Dobi akainua shati lenye doa la chai. "Unaliona hili? Doa likilala, haling'oki. Ndivyo ilivyo tabia ya kulala kupita kiasi."

Dada alisahau kuleta mkaa. Dobi akaigonga pasi. "Pasi bila moto hainyooshi kitu. Vivyo hivyo mtoto asiyetii."

Bibi aliomba sukari. "Mama," dobi alianza, "hata sukari hii, kabla ya kuwa tamu, ilisagwa..."

"Mwanangu, nipe sukari kwanza. Mahubiri nitayanywa na chai."

Mteja mmoja alifika kuchukua suruali yake. Alihubiriwa juu ya mfuko uliotoboka mpaka akaondoka akigeuka nyuma, kama mtu anayehakikisha hafuatwi.

Jioni, mezani, dobi alitoa soksi moja. Mwenzake alikuwa amepotea. Kutokana na soksi hiyo moja alichota funzo la utaratibu, la upweke, na la watoto wanaotupa nguo chini ya kitanda. Alipokuwa anaelekea kwenye la nne, Dada aliweka kijiko chini.

"Baba, samahani. Naomba niseme."

"Sema."

"Kila unachookota kinageuka fimbo. Doa ni mimi. Pasi baridi ni mimi. Soksi iliyopotea ni mimi. Siku moja tu, Baba, uwe soksi wewe."

Bibi alicheka mpaka chai ikampalia. Dobi hakucheka. Alipogeuka kumtazama Kibanio, kiti kilikuwa kitupu. Mtoto alikuwa ameteremka kimya kimya, ameingia kulala bila kuaga.

Toka hapo, Kibanio aliumwa tumbo kila jioni. Lilianza kuuma sahani zilipoondolewa, na kupona sala ilipokwisha. Dobi aliikunja ile soksi, akaitia mfukoni. Alikuwa amempoteza mtoto zaidi kuliko mwanzo.

*

Siku moja Mama Vifungo aliingia uani amebeba furushi kubwa kuliko yeye. Yalikuwa majoho ya kwaya, meupe, mapya, yote ya mshono mmoja.

"Haya, jirani. Waimbaji wanayataka Jumapili. Na tafadhali yasichanganyike. Mwaka jana mwimbaji wa besi alivaa joho la binti wa sauti ya kwanza. Hatukusikia wimbo, tulikuwa tunatazama magoti yake."

Dobi alipokea furushi bila kujibu utani. Mama Vifungo alimtazama vizuri, akavuta kigoda, akaketi.

"Ehe. Na sala?"

Dobi alimweleza. Doa, pasi, sukari, soksi, na maumivu ya tumbo. Mama Vifungo alijifunika uso kwa khanga, mabega yakamtikisika.

"Unanicheka?"

"Nakucheka kidogo. Nisamehe. Sasa niambie, katika mafunzo yote hayo, lipi lilikuwa lako?"

"Yote yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeyasema."

"Siulizi nani aliyasema. Nauliza nani aliyeguswa. Doa lilikuwa la Dada. Mkaa ulikuwa wa Dada. Funzo halitupwi kama jiwe, jirani. Anza na shati lako mwenyewe. Watoto wakiona baba naye ana doa, na anampelekea Mungu, hapo watasogea."

Dobi alijikuna kichwa. "Hilo nimelisikia."

"Jambo jingine. Yesu alisimulia, lakini pia aliuliza. Alipomaliza hadithi ya yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani, aliuliza: kati ya hawa waliopita, nani alikuwa jirani yake? Kisha akamwacha mtu ajibu. Wewe huwa unawauliza?"

"Nawauliza sana."

"Unawauliza nini?"

"Nawauliza, 'Mmeelewa?'"

"Hilo si swali. Hiyo ni kengele ya kufunga kipindi. Uliza kitu ambacho wewe mwenyewe hujui jibu lake. Na ukishauliza, funga mdomo. Hapo ndipo penye jasho."

"Na mtoto asipojibu?"

"Mna kazi mikononi. Endeleeni na kazi. Mtoto husema vizuri akiwa hatazamwi usoni."

"Na siku ambayo funzo halionekani?"

"Basi siku hiyo hakuna funzo. Shukuruni kwa chakula, mkalale. Mungu si mteja anayegonga mlango akitaka suti yake ya harusi."

*

Kila dobi ana hofu moja kubwa: nguo kuchanganyika. Kwa hiyo nguo ya mteja, kabla haijaguswa na maji, hushonwa alama ndogo ya uzi ndani ya kola. Mwalimu alikuwa na vijistari vyekundu. Muuza samaki alikuwa na msalaba wa bluu. Nguo ikipotea njia, alama huirudisha kwa mwenyewe.

Mchana huo dobi alitandika mkeka kwenye kivuli cha mashuka, akamwita Kibanio. Mtoto huyu alikuwa na macho makali ya kutunga uzi kwenye sindano. Walikaa ubavu kwa ubavu, rundo jeupe la majoho mbele yao. Kibanio alitunga, dobi alishona. Kila mwimbaji alipewa alama yake.

Dobi akaanza na shati lake mwenyewe.

"Kibanio, nina jambo. Yale madoa niliyokuwa nayasema si ya Dada wala ya nani. Ni yangu. Mimi naogopa sala."

Kibanio alisimamisha uzi hewani. "Unaogopa, Baba?"

"Kila jioni. Mama yenu alijua kuongoza, mimi sijui. Nikiogopa, nasema sana. Ndiyo maana mlichoka."

"Kumbe watu wazima wanaogopa?"

"Hasa sisi."

Kibanio alifikiri. Alilowesha ncha ya uzi mdomoni, akaupitisha tunduni mara moja tu. Dobi akauliza lile swali aliloliogopa mwaka mzima.

"Na wewe mwanangu, ukisema nipite, huwa kuna nini?"

Kisha akafunga mdomo. Loo, ilikuwa kazi! Maneno yalimpanda kooni moja baada ya jingine. Alitaka kusema najua umekasirika. Alitaka kusema Mungu ni mwema. Angeweza, angejibana midomo kwa kibanio cha nguo. Alishona joho moja likaisha. Akavuta jingine. Upepo uliyapeperusha mashuka, kivuli kikaja na kuondoka.

"Baba," Kibanio alisema hatimaye, macho yakiwa kwenye sindano. "Nguo isiyo na alama inaenda wapi?"

"Inakaa kwenye kapu, kule chini ya meza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwenyewe aje aitambue."

"Na zikiwa nyingi, zote zinafanana?"

"Hapo ni taabu. Inaweza kukaa tu."

Kibanio aliuzungusha uzi kidoleni.

"Mama hakuwa na alama."

Sindano ya dobi ilisimama.

"Sema tena, mwanangu."

"Lile gauni walilomvika. Jeupe, jipya. Nilipopelekwa kumuaga, nilitazama ndani ya kola. Hakukuwa na uzi. Nilitaka kukuambia ushone, lakini ulikuwa unalia. Nikamwambia mama mmoja wa kanisani, akasema nyamaza mtoto. Halafu mchungaji akasema kule mbinguni kuna watu wengi, hakuna anayeweza kuwahesabu. Na wote wamevaa mavazi meupe."

Alinyoosha kidole kwenye rundo la majoho.

"Wote, Baba. Meupe."

Dobi alilitazama rundo. Maneno yale ya mchungaji yalikuwa yamemfariji siku ile. Hakuwahi kufikiri yalivyosikika masikioni mwa mtoto wa dobi: nguo za dunia nzima, nyeupe juu ya nyeupe, bila uzi hata mmoja.

"Ndiyo maana siombi," Kibanio alisema, na sasa machozi yalikuwa yanatiririka. "Nikiomba, Mungu ataniuliza, mama yako ni yupi? Mimi nitamwambiaje?"

Dobi alimvuta, akamkumbatia. Alikaa naye hivyo mpaka kwikwi zikapungua. Hakuwa na hotuba. Alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta msaada, na macho yake yakaangukia kamba ya nyuma, ile waliyoanikia nguo zao wenyewe.

"Kibanio, nenda kwenye ile kamba. Niletee gauni la Bibi, blauzi ya Dada, na shati langu."

Kibanio alifuta pua kwa mkono, akaenda. Alipita nguo moja moja, akaanua bila kusita, akarudi nazo.

"Umezijuaje?"

"Si nazijua tu. Hili la Bibi limefifia begani anapoweka khanga. Hii ya Dada ina harufu ya mafuta yake hata ikifuliwa. Hili shati lako, Baba, kifungo cha chini si ndugu na wenzake."

"Tazama ndani ya kola."

Kibanio alitazama ya kwanza. Akatazama ya pili. Akaigeuza ya tatu nje ndani.

"Hazina alama."

"Hata yako haina. Nimewahi kupoteza gauni lako?"

"Hapana."

"Blauzi ya Dada je?"

"Hapana. Soksi tu."

"Soksi nakubali. Sasa niambie, kwa nini nguo zetu sizishonei alama?"

Swali lilimtoka kabla yeye mwenyewe hajajua jibu. Baba yake mzazi naye alikuwa dobi, na hakushona alama kwenye nguo za nyumbani. Yeye alifuata tu. Kwa hiyo safari hii kunyamaza hakukumpa shida. Alikuwa anasubiri kweli.

Kibanio alilishika shati la baba yake kwa mikono miwili.

"Kwa sababu alama ni za watu wa nje," alisema polepole. "Za wateja. Hizi unazijua."

"Nazijua."

"Hata gizani?"

"Hata gizani. Nikizigusa tu."

Dobi aliona wazo linatembea usoni mwa Kibanio, kama mtu anayekuja kutoka mbali na hujamjua bado ni nani.

"Baba."

"Naam."

"Mama si mteja."

Dobi alilipakata joho alilokuwa analishona.

"Mama ni wa nyumbani," Kibanio alisema. "Kwa Mungu ni wa nyumbani. Hatafutwi kwa uzi. Anajulikana tu."

Machozi ya dobi yalidondoka kwenye joho alilokuwa amelipakata. Hakuyafuta.

"Baba, unalowesha joho la kwaya."

"Si limekuja kufuliwa?"

Kibanio akacheka, kamasi zikamtoka, naye dobi akacheka. Baadaye dobi alimwambia, "Unajua Yesu alisema yeye ni kama mchungaji wa kondoo? Anawajua walio wake, na anamwita kila mmoja kwa jina."

"Kwa jina kabisa?"

"Kwa jina kabisa."

"Hiyo ndiyo tusome leo," Kibanio akaamua. "Hema lipumzike."

*

Jioni hiyo tumbo la Kibanio halikuuma. Dobi hakusimama wala kushika kitu chochote mkononi. Alisema kwa kifupi kwamba mchana amefundishwa jambo uani, na aliyefundisha yupo, aseme mwenyewe. Kibanio akasimulia. Dada, aliyekuwa ameanza kusikiliza huku akikwangua sahani, aliacha kukwangua.

"Mwaka mzima ulikuwa unafikiria hivyo?" alimwuliza mdogo wake. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na mitihani."

Dada alimsogeza karibu mpaka viti vikagusana. Kisha akasoma ile habari ya mchungaji na kondoo. Ilikuwa mistari michache tu. Dobi akauliza, "Kuna mtu leo ameona kwamba anajulikana?" Akafunga mdomo, akasubiri.

Alidhani Dada ataanza. Aliyeanza ni Bibi.

"Mimi niseme. Tangu mwanangu aondoke, kila asubuhi najiuliza hapa mimi ni nani sasa. Binti hayupo, mkwe ni mtoto wa watu, huenda wananivumilia. Leo umeniletea chai, mwanangu. Hukuniuliza sukari. Ilikuwa sawasawa na ninavyoitaka. Nikanywa, nikasema moyoni, basi mimi ni wa hapa."

"Mama," dobi alisema, "wewe ni wa hapa."

"Nimeshajua. Nilitaka tu na wewe usikie."

Wakafumba macho. Dada aliomba bila kukimbia. Bibi aliomba, akamtaja binti yake kwa jina, na sauti haikumkatika. Zamu ya Kibanio ikafika. Dobi alihesabu pumzi zake mwenyewe. Alikuwa tayari kusema tunakupita mwanangu, hakuna neno.

"Mungu," Kibanio alisema, "ni mimi. Sijitambulishi, unanijua. Na Mama unamjua. Mwambie sketi za shule Baba bado anaziunguza, lakini anajitahidi. Na kesho tunaomba jua kali, majoho yakauke mapema. Na kuku wa jirani anatotoa, umwangalie. Na..."

Iliendelea hivyo kwa muda mrefu. Hakuna aliyemvuta sikio.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri. Haikuwa ya manyunyu, ilikuwa mvua yenyewe. Wakavuta kamba ndani ya nyumba, kutoka dirisha mpaka kabati, kutoka kabati mpaka mlango, na majoho yakaning'inia kila mahali. Bibi alikunywa chai yake katikati ya kwaya nzima isiyo na vichwa.

"Kibanio," Dada alisema akivaa viatu vya shule, "si uliomba jua wewe?"

Dobi, aliyekuwa anapuliza mkaa wa pasi, aliacha kupuliza. Hili ndilo alilokuwa analiogopa mwaka mzima: mtoto aombe, asipewe.

"Niliomba," Kibanio alisema. Alikuwa amepanda juu ya kigoda, vibanio viwili mdomoni. Alivitoa ili aseme vizuri. "Jioni nitamwuliza kwa nini."

"Na asipokujibu?" dobi aliuliza taratibu.

"Kesho nitamwuliza tena," Kibanio alisema. "Inua hilo joho, Baba. Linaburuza."